Wa Mwisho Ampigie wa Kwanza

Orodha ilibandikwa ubavuni mwa friji,
majina kumi na mawili kwa mwandiko wa marehemu mama,
na chini yake sheria za mnyororo:
Taja jina. Taja haja. Usitie chumvi.
Ya nne aliiongeza baadaye, kwa penseli:
wa mwisho ampigie wa kwanza,
tujue sala imefika.

Hapa Harless Fork milima imebanana.
Jua la Januari huingia saa nne, likachungulia,
likaondoka kabla theluji haijajua kama lilikuja.
Mgodi ulifungwa mwaka ule Verna alipobatizwa kijitoni,
shule ikafuata, kisha benki.
Kanisa letu la Kibaptisti likabaki na viti vya watu mia mbili
na watu thelathini na mmoja,
tukimhesabu mpiga piano.

Mimi wa kwanza. Nampigia Dewey,
Dewey ampigie Verna, Verna ampigie shemasi,
na kuendelea, hadi bonde liishe.
Tusidanganyane:
kuna haja zilizotoka kwangu zikiwa sindano
zikafika nyumba ya nane zikiwa shoka.
Figo ya mke wa mchungaji ilitoka hapa na kijiwe kimoja,
ikafika kwa Maxine imeshachongewa jeneza.
Nasi tuliyaita hayo maombi,
macho tumefumba,
masikio tumeyatega.

Usiku ule Tressa hakunisalimu.
Coby wake, miaka ishirini na miwili,
amekutwa sakafuni, chooni kwenye kituo cha mafuta,
midomo imegeuka rangi ya wino.
Nikampigia Dewey. Ikaita. Ikaita.
Dewey alikuwa ameyavua masikio yake ya betri,
yamelala kwenye kisahani kando ya kitanda.
Nami, Mungu anisamehe,
nikasema yangu nimetimiza,
nikavuta blanketi.

Coby alipona.
Sitasema sala ndiyo iliyomponya, maana haikwenda popote.
Alimponya Shawnda, binti wa zamu ya usiku,
ambaye hasali kwetu wala kwingine nijuako,
kwa dawa ya kupuliza puani aliyoificha chini ya sigara.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, watu watano,
Tressa alisimama hajavua koti.
"Simuulizi Mungu alikuwa wapi.
Nawauliza ninyi.
Nilikaa na simu mapajani hadi kukapambazuka,
haikulia hata mara moja."

Hakuna aliyeitikia amina.

Tukaibandua orodha.
Majina matano kati ya kumi na mawili
yalikuwa nyuma ya kanisa, chini ya mawe.
Miaka yote hiyo tulikuwa tukiwaruka tu,
kama mtu arukaye ngazi iliyooza
bila kuwaza kuitengeneza.
Shemasi alitaka tuandike kanuni mpya, kurasa mbili.
Verna akamnyang'anya kalamu.
Simu ya kwanza, akasema, irudi kwa anayelia.
Asiyepokea, vaa buti, kamgongee.
Nikamgongea Shawnda pia, dirishani pake pa kioo kinene.
"Mimi siamini," akasema, "lakini usiku silali."
Tukamwandika wa tano.

Machi, saa kumi na moja alfajiri, simu.
Nikajua kuna msiba, nani mwingine hupiga saa hizo?
"Bi Orlene? Ni Coby.
Wamenipa namba kumi na mbili."
Nikasikia friji ikinguruma, naye akipumua.
"Ile haja ya Dewey, ya moyo wake. Imefika huku.
Sijui kuomba kama ninyi.
Nimelitaja jina tu. Nimelitaja mara nyingi."

Miaka kumi na tisa nimekuwa wa kwanza,
na hakuna aliyewahi kunipigia.
Nilitaka kumjibu neno la maana,
neno la mwana wa kanisa.
Nikajikuta nimeketi sakafuni na gauni la kulalia,
waya wa simu umenizunguka kiunoni,
nikimwambia, "Usikate, mwanangu.
Usikate kwanza."